Tano juu ya tano kupitia Kabimba

Wakati ule wa Zaïre nilikuwa natumika kazi kwenye foni, hapa Kalemie. Foni ni ile redio ya kusemea, na yetu ilikuwa na wenzake watatu: Bendera, Kabimba na Zongwe. Asubuhi kila muntu wa foni alisema anawasikia wengine namna gani, kuanzia moja mpaka tano. Kisha habari zote za siku zilipitia njia yenye namba kubwa. Chefu wetu alipenda akili hiyo kuliko hata chai yake.

Muke wangu alikuwa amekwenda kuzalia kwa mama yake, Zongwe. Mimi nilibaki na foni, na roho juu. Kila nikiuliza, "Amezaa?", jibu lilifika kesho yake, limechoka: "Bado." Na kila mara lilikuwa limepitia Kabimba. Jamani! Zongwe iko kusini, Kabimba kaskazini. Ni kama kutoka chumbani kwenda jikoni kwa kupitia sokoni.

Lakini namba njo zilisema hivyo. Sisi na Zongwe tulisikiana mbili. Bendera na Zongwe, tatu. Kabimba na Zongwe, tano kila asubuhi, hata siku ya mvua ya radi. Tano gani hiyo? Nikamwita Papa wa foni ya Kabimba, muntu muzima mwenye sauti ya kanisani.

"Papa, sema kweli. Zongwe unaisikia?"

"Asubuhi? Hata kidogo."

"Sasa ile tano?"

"Foni ya Zongwe siku hizi wamempa nani? Mukwe wangu, mama ya bibi yangu! Nimwambie mama mukwe sauti yake ni moja? Mbele ya watu wote?"

"Na habari zangu unazipitisha namna gani?"

"Kwa desturi yetu mimi na mukwe hatusemezani. Jioni sauti inakuja kidogo. Bibi yangu akitoka shambani, yeye njo anasema na mama yake."

"Papa, mutoto wangu anazaliwa!"

"Heshima si utumwa, mwanangu."

Nilimtukana kimoyomoyo, nikacheka kwa hasira. Halafu nikamwendea chefu: Zongwe tuiite sisi wenyewe, mbili yetu ni mbaya lakini ni ya kweli. Alikubali shingo upande.

Asubuhi iliyofuata Zongwe ikaita. Yule Mama wa foni, mukwe wa Papa, akasema, maneno yakikatika katikati ya kelele, kwamba ana mugeni mwenye habari yangu. Sauti ingine ikaingia. Yo! Mama mukwe wangu mwenyewe! Nikasimama wima, nikafunga vifungo vya shati kana kwamba ananiona.

Alisema mengi, tena marefu. Mimi nilisikia upepo, na kelele kama ya mafuta yanayokaanga ndagala, na ndani yake kilio cha mutoto. Machozi yakanitoka palepale.

"Unanisikia, mukwe?" Hilo nalo nililisikia.

"Tano juu ya tano, Mama!"

Chefu, nyuma yangu, akauliza: "Kijana ao binti?"

Ni binti. Nilijua kesho yake, kupitia Kabimba.