Marsela na Upepo wa Kona ya Kaskazini

Meneja Clemensi alipoagiza feni kubwa zaidi, mhandisi wake, Marsela, alimwambia mbele ya mafundi wote kwamba haitafungwa kwa sahihi yake.

Marsela alizaliwa Endamarariek, kwa wakulima wa ngano. Alisomea uhandisi Dar es Salaam, kisha akaenda Ulaya kujifunza kukokotoa mwendo wa hewa kwa kompyuta. Katikati ya miaka ya themanini aliajiriwa kwenye kikaushio cha ngano cha serikali nje ya mji wa Karatu. Pale, feni ilisukuma hewa ya moto ipite kwenye nafaka. Lakini kila msimu kona ya kaskazini ya chumba cha kukaushia ilibaki na unyevu, na ngano ya watu ikaota ukungu.

Wasanifu wa mitambo, waliokuwa ng'ambo, walileta jibu fupi: ongezeni nguvu ya feni. Hesabu yao ilichukulia kwamba hewa hupita chumbani ikiwa imenyooka.

"Hewa haitembei hivyo," Marsela alisema. "Ikigonga ukuta inajikunja na kujipasua. Msukosuko huo unazungusha hewa ileile kwenye kona. Mkiongeza nguvu, mnaongeza mzunguko."

"Umeuona wapi, dada Marsela?" Clemensi akauliza.

"Nimeukokotoa."

Alikuwa amekigawa chumba kile kwenye karatasi katika visanduku vidogo. Hakuna kompyuta ya wakati ule iliyoweza kufuata kila mzunguko mdogo wa upepo, kwa hiyo kwa kila kisanduku alitafuta wastani wa mwendo wa hewa, nguvu ya msukosuko, na kasi ya msukosuko huo kufifia. Kadi za kutoboa, zilizobeba hesabu hizo, alizisafirisha kwa basi hadi chuoni Dar, akasubiri zamu yake kwenye kompyuta.

"Wenzetu wa ng'ambo wana kompyuta kubwa kuliko hiyo," Clemensi akasema. "Weka sahihi."

"Siweki. Nifukuze ukitaka."

Jioni ile mama yake, Bernadina, alikuwa amekwisha kusikia. "Mwanangu, kazi ya serikali unaichezea?"

"Mama, inayooza ni ngano yako."

Asubuhi yake Bernadina aliwaongoza wanawake wa jirani hadi kwenye lango la kikaushio, wakakaa chini, wakasema hawaondoki mpaka kona ile ijaribiwe. Clemensi alifoka, kisha akakubali.

Marsela alitundika vipande vya kitambaa chepesi kwenye kona, akawasha feni. Vitambaa vikageuka kuelekea feni, ishara kwamba hewa ilikuwa ikirudi nyuma, kinyume na hesabu ya wasanifu. Alipoongeza kasi, vikapigapiga kwa nguvu zaidi, vikiwa vimeelekea kulekule.

Mafundi wakakunja mabati ya kuelekeza upepo, wakayafunga pale Marsela alipoonyesha. Kona ya kaskazini ikakauka. Ila karibu na mlango, mahali ambapo hesabu yake haikuonyesha tatizo lolote, nafaka ikabaki mbichi.

"Hapa nimekosea," aliwaambia wote. "Visanduku vyangu vya mlangoni vilikuwa vikubwa mno. Nitarudia."

Clemensi akaona mwanya. "Basi utahamia ofisi ya mkoa, Arusha. Utapumzika na hayo mahesabu."

"Sihami," Marsela akasema. "Nimekosea mlangoni, sikukosea konani. Mlango nitaumaliza mwenyewe."

Uhamisho aliukataa hadi wakachoka kumwandikia. Msimu uliofuata mabati ya mlangoni yalifungwa, na ngano ya Endamarariek ikatoka kavu chumba kizima.