Ng'ombe Asiyewahi Kuumwa na Kupe

Nilikuwa kwenye duka la samani Sirari, nasubiri risiti, alipoingia mchimbaji mmoja wa Nyangoto na baba yake, mfugaji wa Gorong'a. Dhahabu ilikuwa imemkubali kijana. Jumamosi wakwe wangekuja kuzungumzia mahari, naye alitaka wakalie makochi ya ngozi.

"Hii ni ngozi orijino," muuzaji alisema, akilipiga kofi kochi jekundu.

Mzee hakukaa. Alilipitishia kiganja taratibu, kisha akainama akanusa.

"Huyu ng'ombe hana alama ya moto," alisema. "Hajakwaruzwa na miiba. Hajaumwa hata na kupe mmoja. Aliishi wapi?"

"Ng'ambo, mzee."

"Mgeuze nimwone upande wa nyama."

Muuzaji alisita, halafu akalipindua. Chini mshono ulikuwa umeachia, na nyuma ya ile ngozi kulikuwa na kitambaa cheupe kilichopakwa plastiki kwa juu. Kijana, ambaye dhahabu feki huijua kwa kuishika tu, akatazama viatu vyake.

"Nunua," mzee akamwambia. "Watoto wakimwaga uji utapangusa. Ila wakwe wakiuliza, sema ni plastiki. Tunaomba binti yao. Tusianze kwa kuwadanganya juu ya ng'ombe."

Nilipofika nyumbani niligeuza kochi langu, ambalo kwa miaka minne nimewaambia wageni ni ngozi tupu. Nililirudisha lilivyokuwa. Tangu hapo namkaribisha kila mtu isipokuwa wafugaji, na huku kwetu wanaobaki si wengi.