Tulishuti posa ya filamu Kamuli, watu wakajua binti kaposwa kweli

Wakuu, za mchana. Vuteni viti.

Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo hai na wengine wanapita humu kimyakimya.

Mimi ni mtu wa kamera. Nina studio ndogo pale Omurushaka, Karagwe. Harusi na kipaimara ndivyo vinavyonilisha, ila moyo wangu uko kwenye filamu.

Kabla sijafika mbali, kuna watu humu bado wanasema filamu bila Dar haiwezekani. Acheni hizo.

Zamani ukitaka kushuti kijijini ulikuwa kama unahama nyumba. Taa, jenereta, nyaya, mtu wa kushika boom, ule mti mrefu wa maiki, gari la kubebea. Leo vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye begi la mgongoni, napanda bodaboda, safari imeanza.

Kamera inaona vizuri hata kwenye kivuli kizito cha migomba. Maiki ni kadude unakabana kwenye kola, mzee anaongea kwa sauti yake ya kila siku na unamsikia mpaka anavyomeza mate. Autofocus inamfuata mtu usoni yenyewe. Sijasoma chuo cha filamu, lakini ukiona kazi yangu hutaniuliza cheti.

Basi, nikaanza filamu yangu kule Kamuli, Kyerwa. Mhusika mkuu ni Koku, binti wa palepale. Huyu dada anaigiza kama anavyopumua.

Kwenye maisha ya kweli Koku alikuwa na mchumba wake, Deus wa Mabira. Kwao Deus walikuwa wanajiandaa kuja kuposa wakishavuna kahawa. Hilo nililijua vizuri tu.

Baba wa kwenye filamu nikamchukua baba yake mzazi, Ta Anatoli. Hiyo "Ta" kwetu ni kumwita mtu mzima kwa heshima. Nilishajaribu waigizaji wa mjini, kila mmoja anapayuka kana kwamba maiki bado hazijavumbuliwa.

Siku ya scene ya posa, jamaa wa Bukoba aliyetakiwa kuwa muoaji akapiga simu kwamba hafiki. Nikasema poa, koti navaa mimi.

Kamera moja nikaisimika kwenye migomba, nyingine dirishani, zote naziendesha kwa simu iliyo mfukoni mwangu. Hakuna mtu nyuma ya kamera hata mmoja. Nilijiona mjanja sana, na kusema kweli bado najiona.

Tatizo likaanzia kwenye pombe. Mimi nilitaka tutie maji kwenye kibuyu. Ta Anatoli akagoma.

"Mwanangu, mimi rubisi naijua tangu ujana. Uso wangu hauwezi kudanganya kwa maji."

Akaagiza rubisi yenyewe, pombe yetu ya ndizi. Wazee majirani tuliowaita wajaze scene wakafurahi hao! Nikaona sawa tu, si tunataka uhalisia?

Tukashuti. Mshenga akajieleza, kibuyu kikapokelewa, Ta Anatoli akamwita Koku na kumuuliza mbele ya wazee kama wainywe.

Koku akainua macho. "Inyweni, baba."

Wazee wakanywa, wakapokezana kahawa za kutafuna. Aisee, ile sura ya Koku! Sijawahi kupata picha kama ile tangu nianze kazi hii.

Jioni nikaweka kipande kifupi status. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Watu wa Mabira hawakuona filamu pale. Waliona Koku anasema inyweni. Na majirani waliokuwa wamepita njiani siku ile wakathibitisha kwamba ndiyo, tumewaona wazee wanakunywa, hapakuwa na taa wala mpiga picha. Sasa hiyo ni filamu gani inayopigwa bila mpiga picha?

Deus akazima simu. Kwao wakatuma neno kwamba hawaji tena.

Ma Leonia, mama yake Koku, akanipigia. "We kijana, umeniharibia mtoto. Utakwenda kusema kwa mdomo wako mwenyewe."

Kisha Koku akachukua simu, analia. "Kaka, mimi filamu yako siitaki. Nirudishie Deus wangu."

Iliniuma sana, wakuu. Nikabeba laptop nikapanda boda mpaka Mabira. Kujiamini kulikuwepo kwa sababu take zote zilizoharibika ninazo. Nikaamkia shikamoo, nikamfungulia Ta Gervazi, baba yake Deus, pamoja na kaka zake.

Wakaona tunavyorudiarudia, mshenga anavyosahau maneno. Wakacheka kabisa. Nikajua kesi imeisha.

Ta Gervazi akaniangalia. "Hiyo pombe mliinywa?"

"Ndiyo baba, lakini tulikuwa tunaig..."

"Sijakuuliza mlikuwa mnafanya nini. Ilikuwa rubisi? Wazee walimeza?"

Wakuu, nilikuwa na ushahidi wa 4K kwamba walimeza. Maiki ilikuwa imechukua mpaka koo zao.

Kwetu huku pombe ya posa ikishanywewa na wazee wa binti, binti ana mwenyewe. Mambo ya script hayamo. Ukitaka kuifuta, baba wa binti anapika nyingine, anairudisha kwa aliyeileta, na anasema mbele ya watu kwamba binti hatoki.

Basi, Ta Anatoli na wazee walewale wakaja na kibuyu mpaka kwa wazazi wangu kule Ndama. Baba yangu kakaa pale anapewa pole kwa posa ambayo hakuwahi kuituma. Mama akanivuta pembeni, "Kwani wamekuona una kasoro gani?"

Nimekataliwa rasmi na mwanamke ambaye sijawahi kumtongoza. Chekeni tu.

Wazee wakaridhika. Ta Gervazi akasema posa yao itaendelea, ila Deus mwenyewe akitaka. Deus akasema hataki.

Baada ya siku chache akaja studio. Nikampa kiti, akakataa.

"Nionyeshe pale anaposema mnywe."

Nikacheza. Akasema rudia. Nikarudia.

"Mimi hajawahi kuniangalia hivyo," akasema.

Hata mimi niliona ile sura haikuwa ya kuigiza. Halafu nikakumbuka kitu. Hizi maiki mpya zinarekodi zenyewe tangu unapoziwasha, hazisubiri useme action. Nikatafuta faili la maiki ya Koku, nikampa Deus headphone, na mimi nikabana sikio moja.

Anasikika Koku akivuta pumzi. Kisha mimi, "Koku, macho yako hayana kitu. Mfikirie mtu."

Kisha yeye, taratibu kabisa, "Basi wewe sogea pembeni kidogo, nimweke Deus."

Deus akakaa kwenye kile kiti. Akajifanya anatafuta kitu kwenye simu, macho yamejaa. Kisha akapiga, na nilivyosikia "haloo" ya upande wa pili nikatoka nje kuwaachia chumba.

Rubisi ya Deus imeshanywewa Kamuli, kahawa ilipoisha kuvunwa. Mimi niliambiwa siku hiyo nisionekane na kamera, wala nisipite hata njiani.

Nilichojifunza ni hiki. Vifaa vipya vinakupa kila kitu, na mimi sirudi nyuma. Ila vimekuwa vidogo kiasi kwamba watu hawajui tena kama unashuti, kwa hiyo jitangaze. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, waambie na majirani. Scene ikigusa mila, waulize wazee mapema kipi kikifanyika ndiyo kimefanyika.

Filamu iko kwenye editing. Scene ya posa imebaki, Koku kasema nisiiguse.

Mliowahi kushuti mambo ya mila kwenu, njooni mnieleze mlitokaje. Wa settings na vifaa ulizeni, nitajibu. Wa kuuliza habari za Koku, ulizeni kwa adabu. Mumewe yumo humu anasoma.