Gauni la Marehemu Mwenye Duka

Duka langu la nguo lilikuwa Scarborough, pembeni mwa jiji la Toronto huko Kanada, kati ya kinyozi na muuza simu. Nilishona na kuuza mle kwa miaka tisa, mpaka wateja wakapungua nikawa nafungua mlango kwa ukaidi tu. Ndipo mama mmoja wa makumbusho, mzungu mpole, akaja kuniomba nimshonee gauni.

Walikuwa wanaandaa maonyesho juu ya mjane mmoja aliyehamia Toronto kutoka ng'ambo katika karne ya kumi na tisa, akafungua duka la magauni na kofia, akawavalisha wake za matajiri. Gauni lake pekee lililobaki lilikuwa limechakaa hata kutundikwa haliwezi, kwa hiyo walitaka jipya la kufanana nalo. Nilimpenda yule marehemu tangu siku ya kwanza. Mishono yake ilikuwa midogo, ya mtu anayejua kwamba akikosea mara moja wataambiana mgeni hawezi. Nililishona wiki sita, vifungo thelathini na vinane, kila kimoja nikikivisha hariri kwa mkono.

Kosa langu ni hili. Kwetu Tanga, bibi harusi akipendeza, fundi huitwa mbele watu wamwone, na kesho yake dukani kwake hapatoshi. Nikadhani kila mahali ni hivyo. Sikuuliza kitu, wala hatukuandikishana. Nilijiambia siku ya ufunguzi nitatajwa mimi na duka langu, na duka litapona. Nikawashonea wenzangu watatu wa kanisani, wakimbizi kutoka Kongo, sare ya kitenge, tukapanda basi kwenda mjini tumependeza.

Zikatolewa hotuba nne. Akashukuriwa aliyeleta maua, akashukuriwa hata aliyepanga viti. Marehemu alisifiwa mpaka nikamwonea wivu. Kibao kando ya gauni kilisema limeshonwa na "mwanajamii". Nikamfuata yule mama, nikamuuliza jina langu liko wapi. Akanishika mkono, akasema, "Lakini maonyesho haya yanamhusu yeye." Kisha akaomba kutupiga picha, maana kitenge chetu kina rangi nzuri. Nilichukia. Na bado nilitabasamu kwenye picha ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wenzangu Kiingereza chao ni cha kiwandani tu. Ndani ya basi, mkubwa wao akaniuliza, "Mama, walikuita saa gani? Sisi hatukusikia."

"Mwanzoni kabisa," nikasema. "Mlikuwa bado mnatundika makoti."

"Na duka walilitaja?"

"Walilitaja."

Akapiga vigelegele mle mle ndani ya basi, wenzake wakampokea, abiria wakageuka kututazama. Nikawashukuru mmoja mmoja. Duka nilikuwa nimeshaamua kulifunga, tangu tulipokuwa tunashuka ngazi za makumbusho.