Mwandiko wa Chini ya Boneti

Suleimani Mhando wa Muheza alikuwa amechoka, na wala si kwa kazi ya siku moja. Ulikuwa uchovu wa miaka kumi na sita, ule unaoamka kabla yako na kukusubiri penye kandambili. Kazi yake ilikuwa kuendesha na kutunza magari katika nyumba moja ya Waarabu huko ng'ambo, mtaa wa Muaither. Ukimsikia mtu anasema hiyo ni kazi nyepesi, mwambie akaoshe magari tisa kila siku katika mji ambao vumbi lake halina adabu. Unamaliza la mwisho, la kwanza limeshageuka kijivu.

Mwenye nyumba aliitwa Abu Jassim, ila watumishi wote walimwita Baba, ndiyo desturi ya kule. Mwanawe Jassim, Suleimani alimpeleka shule tangu ana miaka tisa, akimbebea begi mpaka mlangoni. Sasa Jassim alikuwa na ndevu na magari yake mwenyewe, na hapo ndipo palipozaliwa maneno.

Baba alipenda magari ya zamani ya Kimarekani, yale wenyewe wanayaita magari ya misuli: boneti ndefu, injini kubwa, mlio mzito wa kukukalia kifuani. Kwake yeye, gari lilikuwa liachwe kama lilivyotoka kiwandani. Mtoto alipenda ya Kijapani, ya kuagiza na kufumua na kuunda upya: tabo kubwa ya kuipa injini nguvu, ekzosi pana kama ndoo, rangi ya zambarau, taa mpaka chini ya tumbo. Kila Ijumaa baada ya swala waliketi majlisi, sebule ya wanaume, kahawa na tende mbele yao, wakaanza kubishana.

"Hilo la kwako limechezewa," Baba anasema. "Hata aliyeliunda akiliona leo hatalitambua."

"Na la kwako halijui kukata kona, Baba. Linakwenda mbele tu."

"Mwanamume anakwenda mbele."

Wakikwama wanamgeukia Suleimani, aliyesimama na birika. "Haya, Suleimani, wewe ndiye unayeyajua yote. Lipi bora?"

"Yote mazuri, Baba."

Miaka kumi na sita jibu ni hilo hilo. Phyllis, mpishi wa nyumba, mama mmoja wa Machakos asiyemwogopa mtu, alikuwa akimsubiri jikoni. "Wee mzee Suleimani! Utazeeka na hiyo 'yote mazuri' yako. Mimi niambie ukweli, unapenda gani?"

"Mimi, dada, napenda lile linalokwenda uwanja wa ndege."

Phyllis alicheka mpaka akashika meza. Suleimani hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania.

Bintiye wa mwisho, Hidaya, alikuwa anaolewa. Posa imejibiwa, siku imewekwa: Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na nani anafunga ndoa Ramadhani? Siku ile ilikuwa haisogezeki. Na Suleimani alikuwa na deni moyoni, la yule mkubwa, Halima. Huyo Suleimani alimwoza kwa simu. Wiki ile Baba alikuwa na maonyesho ya magari, ruhusa haikupatikana, ikabidi ndugu yake Ibrahimu asimame mahali pake msikitini, simu wakaiweka juu ya mkeka. Suleimani alikuwa gerejini, kachuchumaa kati ya matairi, sikio limebana. Mtandao ukakatika kabla hajamsikia bwana harusi akisema "nimekubali." Alikaa pale na simu iliyokufa, asijue kama mwanawe ni mke wa mtu au bado. Jambo lile halikumtoka. Huyu Hidaya aliapa atamwoza kwa mdomo wake mwenyewe, akimtazama mkwe machoni.

Baba alikubali. "Maonyesho ni Jumamosi," alisema. "Yakiisha salama, Jumapili unaondoka. Mwezi mzima."

Yakiisha salama. Suleimani aliyashika maneno hayo.

Gari la kupelekwa maonyesho lilikuwa jipya pale nyumbani, ingawa kwa umri lilimzidi Suleimani: Kamaro ya mwaka sitini na tisa, rangi ya chungwa iliyopauka. Lilikuwa limeletwa kutoka Marekani miezi miwili nyuma, na boneti yake aliifungua Baba peke yake, akaifunga peke yake. Jumatatu ile Baba alikuwa Maskati kwenye msiba, akapiga simu.

"Suleimani, liandae Kamaro. Rangi usiiguse, hata penye mikwaruzo. Vumbi tu."

"Hewala, Baba."

Sasa, ewe msomaji, usimcheke. Mtu hufuata alichofundishwa, na aliyemfundisha Suleimani kuandaa gari la maonyesho alikuwa Jassim. Kwenye magari ya Jassim, boneti ndiyo sebule. Watu wanakuja kutazama injini, na injini sharti ing'ae mpaka uweze kupakulia pilau juu yake. Miaka yote Suleimani alipewa dawa ya kukata grisi, miswaki midogo na vitambaa laini, akasugua mabomba na vifuniko vya wale Wajapani mpaka kucha zikaisha. Kwa hiyo alipofungua boneti ya Kamaro akakuta bati limefifia, limejaa masizi na mistari ya njano iliyochorwachorwa ovyo, alishika kichwa.

"Mwe! Huyu Baba angeaibika mbele za watu," alisema.

Akavua saa, akakunja mikono ya shati. Rangi ya nje hakuigusa hata kwa kidole. Injini na bati la nyuma yake alivisugua siku nzima ya Jumanne, mgongo ukimlilia, na alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Alikuwa na furaha, maskini. Aliona amekwishapanda ndege.

Jumatano Jassim akapita gerejini, akakuta boneti iko wazi. Alisimama. Uso wote ukamshuka.

"Suleimani. Yale maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani, mwanangu?"

Jassim akatoa simu, akamwonyesha picha aliyoipiga siku gari lilipofika. Pale kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, ile mistari ya njano ilikuwa tarakimu na herufi. Aliziandika fundi wa kiwandani, mwaka ule gari lilipoundwa, kuonyesha kwamba amelikagua. Magari mengi ya umri ule yamezipoteza. Hili lilikuwa bado nazo, na ndiyo sababu Baba alilinunua hili akaacha mengine.

"Kwa nini hukuniambia?" Suleimani aliuliza.

"Nilijua unajua! Wewe si unajua kila kitu cha humu ndani?"

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Suleimani aliketi juu ya ndoo. Hakufikiria gari. Alimwona Ibrahimu amesimama tena msikitini, na simu juu ya mkeka.

Jassim alitoka, akarudi na pakiti ya chaki za shule. "Andika," alisema. "Picha hii hapa. Mimi mwandiko wangu mbovu, siku zote naandika kwenye simu. Baba macho yake yenyewe hayaoni vizuri."

"Nimdanganye Baba?"

"Unataka kwenda harusini au hutaki?"

Alitaka. Mungu anajua alivyotaka. Akachukua chaki ya njano akaandika, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa shule ya msingi. Alikuwa na mwandiko mzuri, aliupata kwa bakora za mwalimu. Phyllis alipoletewa habari jikoni hakucheka hata kidogo. "Haki, mzee, hapo umekosea," alisema. "Kuosha ni bahati mbaya. Lakini hiyo ingine..." Akageukia sufuria yake.

Jumamosi asubuhi, Baba ameshatoka msibani, walifika uwanja wa maonyesho, wamelileta gari juu ya lori. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, baridi kidogo, watu wamejaa. Upande mmoja vijana na Wajapani wao wanaong'aa, muziki juu. Upande wa pili wazee wenye kanzu nyeupe na magari yao yaliyochakaa kwa heshima. Baba aliifungua boneti mwenyewe. Akakunja uso kidogo kwa ule usafi, lakini wageni walikuwa wameshazunguka, naye akayaonyesha maandishi.

"Tazameni," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika namna ambayo Suleimani hakuwahi kuisikia. "Kuna mtu alikuwa kwenye zamu yake. Kakagua, kaandika, kanawa mikono, kaenda kwake kula na watoto wake. Jina lake hatulijui, na labda amekufa. Lakini mkono wake upo hapa. Hao vijana wenu wananunua vyuma. Mimi nimenunua mkono wa mtu."

Wazee wakatikisa vichwa. Suleimani alikuwa nyuma yao na kitambaa begani, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Tena, chini ya aibu ile, kulikuwa na uchungu mwingine ambao hakuutarajia. Yeye naye alikuwa na mkono. Miaka kumi na sita ulifanya kazi katika nyumba ile, na kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha hauonekani. Ukibaki ukungu wa kidole kwenye kioo, anaitwa arudie.

Mwamuzi alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kipajini. Aliinama sana ndani ya boneti. Kisha akapitisha kidole juu ya tarakimu, polepole, akakiinua kwenye mwanga. Kidole kilikuwa cha njano.

Alimwambia Baba jambo moja sikioni, akampigapiga bega, akaenda kwenye gari lingine. Wale wazee wakaanza kutazama angani. Fedheha ya mtu mzima mbele ya rika lake ni jambo zito, na Baba alisimama nayo pale, mkono juu ya boneti.

"Nani?" aliuliza.

Jassim akawa anatazama simu yake. Suleimani alimtazama, akamwona bado ana miaka tisa.

"Mimi, Baba," alisema. "Niliosha, yakafutika. Nikaogopa, nikaandika."

Baba akaifunga boneti. Walirudi Muaither, na jioni ile Suleimani alilifunga sanduku lake, akalifungua, akalifunga tena. Zawadi za Hidaya zilikuwa juu: kanga mbili na udi. Hakujua kama anafunga safari au anajidanganya.

Jumapili, jua limeshapanda, Baba akamwita gerejini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya Kamaro.

"Kuosha ni kosa langu," alisema. "Nilikwambia rangi, sikukwambia injini. Ungenipigia simu, ningepiga kelele, kisha ningenyamaza. Wewe unanijua."

"Nakujua, Baba."

"Kuandika ni kosa lako."

"Ni langu."

"Miaka kumi na sita nilikuachia funguo zote, sikuuliza swali. Kuanzia leo nitauliza. Kila asubuhi nitauliza, kwa moyo kama si kwa mdomo. Sitaki kuishi hivyo, na wewe hutaki." Akavuta pumzi. "Tiketi yako ipo. Nenda ukamwoze binti yako. Funguo uziache."

Suleimani akalifungua lile pete kubwa la funguo kiunoni, ambalo lilikuwa limetoboa mifuko ya suruali zake zote. Akaliweka juu ya meza ya vifaa, si juu ya gari. Baba akasimama akampa mkono, akaushika muda mrefu, na macho yake mabovu yalikuwa yamelowa.

"Samahani, Baba."

"Na mimi, Suleimani."

Phyllis alimfungia mandazi kwenye karatasi, akamkemea ale asiwape watu, kisha akakimbilia jikoni na aproni usoni. Aliyempeleka uwanja wa ndege ni Jassim, kwa lile gari lake la Kijapani la zambarau, Supra, maana alilia apewe nafasi hiyo. Gari zuri, halina mahali pa kuweka sanduku. Suleimani alikaa amelipakata magotini, magoti yamegusa kidevu, kila tuta likimwingia uti wa mgongo. Walipofika Al Thumama, mnara wa uwanja unaonekana, Jassim akakanyaga mafuta.

"Mbona hukunitaja?" akauliza.

"Endesha polepole, mwanangu."

"Nitamwambia Baba leo. Wallahi nitamwambia. Atakurudisha."

"Ukimwambia, mwambie kwa ajili yako. Mimi nimechoka."

Hilo la mwisho alilisema kwa mara ya kwanza katika nyumba ile au nje yake, na badala ya Kiarabu walichozoea alilisema kwa Kiswahili. Jassim hakuelewa, wala hakuuliza.

Kwenye foleni ya kukagua mizigo simu ikaita. Alikuwa Hidaya, nyuma yake kelele za wanawake wanaochambua mchele.

"Baba! Ni kweli uko njiani? Usinifanye kama dada."

"Niko uwanjani, mama. Nimeshasimama kwenye foleni."

"Alhamdulillahi! Haya, safari hii wamekupa siku ngapi?"

Suleimani aliupeleka mkono kiunoni, mahali pa funguo, kama alivyozoea kila alipowaza. Hapakuwa na kitu. Mbele yake foleni ikasogea, naye akalisukuma sanduku kwa mguu.

"Nyingi, mwanangu," alisema. "Safari hii wamenipa nyingi."