Nilivyosafirisha unga wa lishe wa mama mdogo kwenda Ujerumani, ukafika ukiwa dawa

Wakuu, heshima kwenu.

Hili jambo nimelikalia muda mrefu kwa aibu. Leo nalitoa lilivyo. Wale wenye haraka ya kusema "chai" wapite tu, yaliyonikuta yamenikuta mimi na barua ninayo.

Nipo Sekei, hapa Arusha. Nina stationery: natoa kopi, nachapa kadi za harusi na vipeperushi vya mikutano ya injili. Kumbukeni hiyo kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza.

Mama mdogo wangu anaishi Ngaramtoni. Ndiye aliyenilea. Anatengeneza unga wa lishe: anachambua mwenyewe, anaosha, anaanika, anakaanga, anapeleka mashine. Huo uji ukiupika, jirani anakuja na kikombe bila kuitwa.

Shida ni kwamba anauzia chini, kwenye turubai, siku za soko. Umri umeenda. Siku hizi akitaka kunyanyuka mpaka ashikwe mkono.

Sasa kuna dada wa huku kwetu, Neema, ana duka la vyakula vya Kiafrika Ujerumani. Alikuja likizo, akanywa ule uji, akamaliza, akaomba tena. Akasema tumpelekee katoni sitini kwa meli, za majaribio. Zikiingia salama atachukua mfululizo, na mama mdogo ataachana na turubai, awe anafungashia nyumbani kwake.

Mama mdogo akaweka humo ulezi wote na soya yote ya msimu. Wateja wake wa sokoni akawaambia wavumilie kidogo.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: lebo.

Jamani.

Nikaandika jina kwa rangi ya dhahabu. Nikaweka Mlima Meru, twiga, na mtoto mnene wa Kizungu niliyemtoa Google. Bado nafasi ilikuwa kubwa, na mimi ni mtu wa vipeperushi, nafasi tupu inanikosesha amani.

Na mnatujua sisi. Mimi sijawahi kuona asali wala unga wa mlonge wenye lebo inayosema hiki ni chakula, kula ushibe. Lazima kitibu kitu!

Nikaandika UNATIBU: vidonda vya tumbo, presha, kisukari, maumivu ya viungo. Nikaona wanaume nimewasahau, nikaongeza nguvu za kiume. Nikaona wanawake watalalamika, nikaongeza kuzibua mirija. Chini nikamalizia: "Kunywa kikombe kimoja kutwa mara tatu." Yote nikayatafsiri kwa simu ili Mzungu asipitwe. Hiyo ya mirija nikiisoma leo kwa Kiingereza, ni kazi ya fundi bomba.

Ilipofika sehemu ya viambato, mama mdogo akanizuia. "Usiandike mwanangu. Yule wa pale kona ataniiga wiki hii hii."

Nikamwelewa. Nikaandika: "Viambato: siri ya mama."

Yaani magonjwa sita kwa herufi kubwa, halafu chakula chenyewe hakimo.

Wakala wetu wa mizigo Dar anaitwa Salim, mtu wa Tanga, mpole mpaka unajisikia vibaya. Yeye anakusanya mizigo midogo ya watu mbalimbali, anaijaza kwenye kontena moja na kuandaa karatasi. Alipoziona zile pakiti akanipigia.

"Ndugu yangu, samahani. Huu mzigo ni chakula au dawa? Hapa natakiwa niandike kimoja."

"Andika vyote viwili," nikamwambia. "Tusijibane soko."

Akasema, "Basi naandika chakula. Lakini hizo lebo, nakuomba, zibadilishe. Mimi nimekwambia."

Nikamjibu zimeshabandikwa, tena kwa gundi nzuri. Moyoni nikasema huyu jamaa hana vision.

Meli ikaondoka na akili yangu. Kwenye status nikaandika "International Exporter". Kuna harusi Lemara nikamwomba MC anitambulishe hivyo hivyo, na akanitambulisha, na watu wakapiga makofi. Kampuni yenyewe ni mimi, mama mdogo, na mashine ya kusaga ya mtu mwingine.

Kila asubuhi niliifuatilia meli kwenye ramani ya simu. Mama mdogo ananipigia: "Imefika wapi?"

"Bahari ya Shamu, mama."

"Hiyo hiyo ya Musa?"

"Hiyo hiyo."

"Basi itavuka."

Na kweli ikavuka. Ikafika, mzigo ukazuiwa bandarini.

Neema akanitumia barua ya wakaguzi wa kule na tafsiri yake. Walikuwa wanauliza lile lile la Salim, ila hawa hawakusema samahani. Kama ni dawa, imesajiliwa wapi? Kama ni chakula, ndani kuna nini? Wameupima maabara wakakuta karanga, na kuna watu ambao karanga kidogo tu inawaua, na pakiti inasema siri ya mama.

Tukapewa nafasi ya kujieleza. Nikajieleza kurasa mbili, kwa kujiamini, kwamba hayo ya kutibu yasiwasumbue, ni lugha ya biashara tu, hapa kwetu kila mtu anaandika.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi kwa mikono yangu: nimekiri kwa maandishi kwamba lebo inadanganya. Katoni zote sitini zikateketezwa.

Nilichojifunza: chakula kikipanda meli kiende na jina lake na vilivyomo ndani, basi. Mapema, kabla hata hujachapa, muulize mnunuzi sheria za kwao zinataka nini kwenye pakiti. Na wakala akikwambia "nakuomba", usimjibu habari za gundi. Mliowahi kusafirisha vyakula nje, naomba mtueleze lebo zenu mliziandikaje. Wenye kunisema semeni tu, ila mama mdogo muacheni.

Ila sijawaambia nilivyompelekea taarifa.

Nilimkuta jikoni. Nikamsalimia shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote, hata ya Salim. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Nilijiandaa kwa vyote.

Akauliza kitu kimoja. "Walionja?"

"Waliupeleka maabara, mama. Walipima kila kitu."

"Sijauliza kupima. Namaanisha kukoroga, kuweka jikoni, kuonja. Hata mmoja?"

"Hapana mama. Hata mmoja."

Akageukia jiko, wakuu, akakoroga uji wake, mpaka nikatamani anitukane. Halafu akasema taratibu, kama anaongea na sufuria, "Wamechoma bila kuonja." Akachukua kikombe, akanimiminia uji, akanisogezea.

Nikanywa wote, wa moto vile vile, sikuweza kumtazama. Siku ya soko alirudi kwenye turubai, na mimi ndiye niliyembebea kiroba.