Jina la Mwenye Duka wa Dagoretti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za jengo moja la River Road, juu ya duka la misumari na mabati, nikiwa na shahada yangu ndani ya bahasha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mkuu wa Ofisi hakuitazama bahasha.

"Babu ya babu yako aliitwa nani?" aliniuliza.

Nikaanza kumweleza kwamba kwetu magharibi wazee wanataja jina moja, shangazi zangu wanataja lingine, kwa hiyo labda...

"Umesema labda," alinikatiza. "Vizuri. Kaa pale."

Kazi yetu ilikuwa kufuatilia koo. Mara nyingi mawakili ndio waliotutuma, wakitaka kujua nani mrithi halali wa nani. Mtu wa zamani tuliyeanza naye tulimwita shina, na vizazi vyake matawi. Mahali mzazi anapounganishwa na mtoto paliitwa kiungo, na kiungo hakikukubaliwa bila midomo miwili, yaani mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja. Mimi nilitaka hata wa tatu. Nikirudi chumbani kwangu Ngara bado nilijiuliza kama shahidi wa pili hakuyasikia yake kwa wa kwanza. Wenzangu waliniita Bwana Labda.

Nilikuwa bado mgeni ofisini walipokuja Ngugi, karani wa benki, na Nyambura, mwalimu. Walitaka kuoana, lakini wazee walikuwa wamesimamisha mazungumzo ya mahari. Nyumba zote mbili zilijiita watu wa Juma, mtu wa pwani aliyefungua duka la chumvi, shanga na kitambaa Dagoretti, misafara ilipokuwa ikipiga kambi huko kabla reli haijafika. Alioa huko na hakurudi kwao. Baba yake Nyambura aliitwa Juma. Baba mdogo wa Ngugi pia aliitwa Juma. Ikiwa shina ni moja, hao wawili ni ndugu, na ndoa hakuna.

"Tuambie tu ukweli," Nyambura alisema. "Hata kama ni mbaya."

Ngugi alimtazama kama mtu asiyeutaka ukweli hata kidogo.

Nilikwenda kwanza kwa baba yake Ngugi, Mzee Mwangi. Alinipokea kwa furaha. Alinieleza jinsi baba yake alivyokulia katika duka lile, akipima chumvi kwa kibuyu. "Sisi ni damu ya biashara," alisema akijipiga kifua.

Njiani nikaanza kuwaza. Katika familia za huko, kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wa tatu kwa kawaida jina la ndugu ya baba. Mzee Mwangi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwao. Mbona yeye si Juma? Mbona Juma ni mdogo wake, wa tatu?

Mkuu wa Ofisi alinisikiliza, akavua miwani. "Labda yule mtu wa pwani hakujua desturi."

"Lakini aliyewapa watoto majina si yeye, ni yule kijana aliyekulia dukani. Na wa pili alimpa jina la baba mkwe wake, sawasawa kabisa."

"Basi tafuta midomo, Bwana Labda. Jina peke yake si damu."

Binti wa mwisho wa mwenye duka alikuwa hai, bibi kizee wa Kawangware. Aliniacha nijieleze mpaka nikachoka.

"Huyo kijana wa dukani alikuwa kaka yangu," alisema, "lakini mama hakumzaa. Aliletwa na njaa kubwa. Kwao walikwisha wote, baba yake, aliyeitwa Mwangi, na ndugu zake. Baba alisema atakayemwita mtoto wa kuokota hatakula kwake."

"Na leo unanieleza, bibi?"

"Baba alikataza tumtenge. Hakukataza wajukuu zetu waoane!"

Mzee mmoja wa kule alikozikwa Mwangi huyo wa zamani alinihakikishia habari hiyo. Niliufikisha ukweli kwa Mzee Mwangi mbele ya familia zote mbili. Nyambura alilia kwa furaha. Mzee Mwangi aliweka mikono magotini.

"Kwa hiyo mwanangu apate mke," alisema, "mimi nimpoteze babu."

 Juma, baba yake Nyambura, akavuta kiti karibu naye. "Mwangi, hawa wakipata vijana wawili, yule wa pili ataitwa nani?"

Mzee Mwangi aliwaza. Jina la babu mzaa mama: Juma. Akaanza kucheka, akajifuta macho kwa kofia. "Nyinyi wawili," aliwaambia maarusi, "msinicheleweshe."

Baadaye ofisi ilinihamishia Hurlingham, chini ya Mkurugenzi aliyependa majibu mafupi, na huko ndiko nilikostaafia. Ninyi mnaoanza kazi hii mtaambiwa kwamba kusitasita ni udhaifu. Sijui. Mimi bado nasitasita. Ila mkikata tawi, msiondoke kabla ya kumtazama aliyekuwa amelikalia.

Ngugi na Nyambura walipata kijana, kisha wasichana wawili, na Mzee Mwangi akawa analalamika kanisani waziwazi. Wa nne alikuwa mvulana. Nilikwenda kuwapongeza, nikamkuta mzee uani amempakata, akimwonyesha kuku.

"Babu," alikuwa akimwita, "babu yangu, umekawia wapi?"